Daftari la visa visivyosimuliwa
Mnaotunga hadithi za sayansi kwa ulimwengu mmoja, tuseme Mombasa ya mwaka 2190: mhusika akigusia "ule usiku wa Kilindini" bila kuusimulia, uandikeni papo hapo kwenye daftari la pamoja. Wekeni mwaka, mahali, walionusurika, na hadithi ulimotajwa. Sababu iacheni wazi. Ndiyo utamu wenyewe, na mwenzenu atapata pa kuingilia. Dokezo lisizidi sentensi mbili.

Kinachoharibu sana ni majira. Jahazi likitajwa kuingia na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, kisa ni cha Desemba hadi Machi. Mwingine akikiweka Julai, kusi ikivuma, msomaji wa Mji wa Kale atanasa kosa mara moja. Umri pia: toeni mwaka wa kuzaliwa kwenye mwaka wa kisa kabla hamjachapisha.