Joto limewahi Mwanza: kuvua kwa mshipi ufukweni kabla ya vuli

Mwaka ambao jua la Agosti linaanza kuchoma kama la Oktoba, na upepo wa kusini-mashariki unalegea kabla ya wakati wake, mvuvi wa mshipi asisubiri kalenda. Maji ya ufukweni hubadilika ndani ya siku chache na samaki nao wanahama. Wengi hurudi mikono mitupu kwa sababu wanakwenda pale pale walipopata samaki Julai: kwenye ghuba iliyotulia, kando ya magugu, tena jua likiwa utosini. Joto likiingia, tafuta maji yenye hewa.

Sababu yake ni hii. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo hulikoroga Ziwa Victoria, maji ya juu na ya chini yakachanganyika. Upepo ukipungua na joto likipanda, maji ya moto hukaa juu, ya baridi hubaki chini, na yale ya chini huishiwa oksijeni kidogo kidogo. Sangara hawezi kukaa penye oksijeni haba. Hupanda juu na kusogea kwenye maji yenye mwendo. Sato ni mvumilivu zaidi. Kambale na kamongo huvuta hewa juu ya maji, ndiyo maana unawakuta hata kwenye vidimbwi vya tope. Ghuba iliyojaa gugumaji ni mbaya zaidi alfajiri, kwa sababu usiku mimea haitoi oksijeni bali inaitumia, na kunapokucha maji yamechoka kabisa. Ufukwe unaopigwa na mawimbi ni kinyume chake: kila wimbi linalovunjika linaingiza hewa na kuibua wadudu mchangani, furu, wale samaki wadogo wa kandokando, wanakuja kula, na sangara anakuja nyuma ya furu.

Siku za joto bila mvua, upepo wa hapa una ratiba yake. Usiku unatoka nchi kavu kwenda ziwani, kwa hiyo alfajiri maji ya kando yametulia. Kuelekea saa sita mchana unageuka na kuvuma kutoka ziwani, na alasiri mawimbi yanapiga. Basi asubuhi, kuanzia saa kumi na moja na nusu hadi saa tatu, vua kwenye miamba yenye kina karibu, kama ile ya upande wa Capri Point au Luchelele. Jioni, kuanzia saa kumi hadi giza liingie, hamia kwenye fukwe za mchanga zinazotazama upepo, kama zile za kuelekea Igombe na Kayenze. Saa za katikati pumzika. Maji ya kina kifupi yanakuwa ya moto na samaki wakubwa wameshaondoka. Mdomo wa Mto Mirongo uepuke wakati wote, maana unashusha uchafu wa mjini.

Ukifika kwenye mchanga usitupe mara moja. Simama mahali palipoinuka, uangalie mawimbi kwa dakika kumi. Utaona yanavunjika mara ya kwanza mbali kidogo, yanatulia, kisha yanavunjika tena karibu na miguu yako. Ule mkanda uliotulia katikati una kina zaidi, rangi yake ni nzito, na chakula kinachosombwa na mawimbi kinatulia humo. Ndimo chambo chako kinatakiwa kilale. Mara nyingi ni mita 15 hadi 25 tu kutoka ukingoni, na anayetupa kwa nguvu zake zote anawaruka samaki.

Vifaa si vingi. Kwa sato kwenye miamba, chukua mwanzi mkavu wa mita 3 hadi 4, mshipi wa nailoni wa milimita 0.30 wenye urefu sawa na mwanzi, boya dogo la kandambili kuukuu na ndoano namba 12 hadi 14. Kwa sangara kwenye mchanga, mita 60 za mshipi wa milimita 0.50 ukiuzungushia chupa ngumu ya plastiki ya lita moja, na ndoano namba 8. Kumbuka namba ikipanda ndoano inakuwa ndogo. Wageni wengi hununua kinyume. Chubwi, yaani kitu kizito cha kuzamisha mshipi, si lazima liwe la risasi. Nati ya bolti inayofunguliwa kwa spana namba 24 ina gramu zaidi kidogo ya 30, inatosha maji yakiwa yametulia. Ile ya spana namba 30 ina gramu kama 60, hiyo ndiyo ya siku ya mawimbi. Chubwi jepesi likitembezwa na mawimbi, mshipi unapinda kando na humsikii samaki anapogusa.

Nati ifunge mwisho kabisa wa mshipi. Sentimita 40 juu yake kunja mshipi uwe nyuzi mbili, ufunge fundo la kawaida kwa kupitisha ule mkunjo mara mbili ndani yake, kaza, ubaki na kitanzi cha sentimita 3. Kwenye kitanzi hicho funga kipande cha sentimita 30 cha mshipi mnene, milimita 0.70, chenye ndoano. Sangara hana meno ya kukata, lakini mdomo wake unakwaruza kama msasa na vifuniko vya mashavu yake vina makali. Mshipi mwembamba hauvumilii. Kwenye miamba, nati ifunge kwa uzi dhaifu kuliko mshipi wenyewe, ili ikinasa ukatike uzi, ndoano na samaki virudi.

Fundo la ndoano ndilo linalopoteza samaki wengi. Pitisha mshipi kwenye tundu, uzungushe kwenye mshipi mkubwa mara tano, rudisha ncha kwenye kile kijitundu kilichobaki karibu na ndoano, tia mate, kisha vuta polepole mpaka mizunguko ilale sawasawa kama chemchemi ya kalamu. Ukivuta fundo likiwa kavu, nailoni inapata moto wa msuguano na kudhoofika bila wewe kuona. Jua nalo linaila nailoni: mshipi ulioanikwa juu ya jiwe msimu mzima, ukiuvuta kwa mikono miwili utakatika kama uzi wa pamba. Uweke kivulini, na kata mita mbili za mwisho kila unapohisi mikwaruzo.

Chambo cha sato ni nyungunyungu au ugali. Nyungunyungu wa joto hufa upesi, kwa hiyo wachimbe jioni, uwaweke kwenye kopo lenye udongo mbichi, ulifunike kwa jani la mgomba, si kwa mfuniko. Mvishe kwenye ndoano kama soksi, kuanzia kichwani, ubakize mkia wa sentimita moja ucheze. Ukimning'iniza kwa kumtoboa mara moja tu, furu watamnyofoa na utabaki na chuma kitupu. Ugali usonge mgumu kwa unga wa mahindi sehemu tatu na wa ngano sehemu moja, uchanganye na dagaa waliosagwa, kisha fanya vidonge vya ukubwa wa punje ya harage. Bila ngano unayeyuka ndani ya dakika mbili. Chambo cha sangara ni furu mzima aliye hai wa sentimita 6 hadi 8. Mtoboe kwenye nyama ya mgongoni, chini kidogo ya pezi, bila kugusa uti, naye ataogelea kwa muda mrefu.

Kutupa: shika kitako cha chupa kwa mkono wa kushoto, shingo ielekee ziwani ili mshipi uchomoke bila kukwama. Kwa mkono wa kulia zungusha nati mara mbili kando yako, si juu ya kichwa, achia ikiwa inapanda. Ikitua, kunja mpaka mshipi ukaze kidogo, uupitishe juu ya kidole cha shahada. Sato hugusa tik, tik, kisha boya linakwenda kando. Vuta hapo, usingoje lizame. Sangara hupiga pigo moja zito na kukimbia. Mwachie mita moja, kisha kaza, na akiruka juu kutikisa kichwa legeza kidogo. Mitetemo mifupi mfululizo mara nyingi ni gogogo. Huyo mshike kwa kitambaa kinene, vidole vikiwa nyuma ya miiba, kwa sababu ule wa mgongoni na ile ya mbavuni hujifunga ikasimama wima na jeraha lake linauma kwa saa nyingi.

Kabla ya yote hayo ulizia leseni kwa afisa uvuvi wa halmashauri na ujitambulishe kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi, wa mwalo husika. Watakuonyesha pia mazalia yaliyofungwa. Saanane ni hifadhi ya taifa, usivue. Chora alama mbili kwenye mwanzi wako, sentimita 25 na 50. Sato asiyefika ya kwanza na sangara asiyefika ya pili warudishwe majini, kwa mikono iliyoloweshwa ili ute wao usitoke. Ukiona mashimo ya duara kwenye mchanga wa kina kifupi, hayo ni makao ya sato dume; yaache. Joto linawachochea kuzaliana, na kuwavua pale ni kujinyima samaki wa miezi ijayo.

Samaki aliyekamatwa anaharibika haraka kuliko unavyodhani. Muue papo hapo, kata matamvua damu itoke, toa matumbo, muweke kwenye deli lenye barafu, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Huna barafu, mfunike kwa gunia la katani lililoloweshwa, kivulini penye upepo, na umfikishe nyumbani haraka. Ndoo ya maji ya ziwa haifai. Maji yakipata moto nyama inalegea, na sangara ndiye anayewahi.

Usiingie majini penye magugu na utulivu, kwa sababu konokono wa kichocho wanapenda hapo. Uliza wenyeji kuhusu mamba na viboko kabla ya kukaa gizani. Joto linapowahi, ngurumo nazo zinaweza kuwahi, na hapa mara nyingi huja kutoka ziwani usiku na alfajiri. Ukiona mwako kisha ukasikia mngurumo kabla hujahesabu hadi thelathini, laza mwanzi chini, shuka kutoka juu ya mwamba, uondoke ukingoni. Usijikinge chini ya mti. Rudi dakika thelathini baada ya mngurumo wa mwisho.