Jinsi ya kuandika watu wazima katika tamthilia ya watoto wapelelezi

Kabla ya sini ya kwanza, orodhesha watu wazima wote wa tamthilia yako. Mbele ya kila jina andika anataka nini, anajua nini, na watoto wanapochunguza yeye yuko wapi. Asiye na majibu mfute. Kwa kipindi cha dakika 22 wanne wanatosha: mlezi mmoja, mwenye mamlaka mmoja na washukiwa wawili. Wakizidi hapo, mtazamaji anaanza kuwachanganya.

Swali la tatu ndilo linaloangusha wengi. Mwandishi anataka watoto wabaki peke yao, basi anamlaza mama usingizi au anamfanya polisi mpumbavu. Matokeo yake kesi yenyewe inakosa uzito: kuwashinda wajinga si kazi. Mpe mkubwa shughuli ya kweli, kama zamu ya usiku au mgonjwa wa kuuguza. Bora zaidi, mpe sababu ya haki ya kutowaamini. Askari anayeletewa maneno matupu hana kosa akiwarudisha nyumbani, na watoto sasa wanalazimika kutafuta kitu cha kushikika.

Itazame Detective Conan, katuni ya Kijapani iliyoanza kurushwa mwaka 1996. Conan, mpelelezi kijana aliyegeuzwa mtoto mdogo, anamchoma mpelelezi Kogoro Mouri sindano ya usingizi iliyofichwa kwenye saa ya mkononi, kisha anaieleza kesi kwa sauti ya Mouri. Sifa zote zinamwendea mzee aliyelala. Mbinu hii inadumu kwa sababu imejengwa juu ya jambo la kweli: mtoto hasikilizwi mpaka aazime mdomo wa mkubwa. Lakini Mouri hakuachwa kuwa kichekesho tu. Kesi inapowagusa wenzake wa zamani wa judo, anaitatua mwenyewe. Nawe mpe mkubwa wako wa kuchekesha walau kesi moja ya namna hiyo.

Mlezi mwenye siri ana utamu wake. Gravity Falls, katuni ya Kimarekani ya mwaka 2012, inamaliza kipindi cha kwanza kwa babu Stan kuingia kwenye mlango uliofichwa nyuma ya mashine ya vitafunio. Jibu linakuja msimu wa pili. Katikati hapo anawapenda watoto waziwazi, ndiyo maana shaka inauma. Siri ya namna hii ipande mapema. Ukiichomeka mwishoni, mtazamaji ataona amedanganywa.

Mhalifu naye aonekane kabla ya theluthi ya kwanza kwisha, akiwa kwenye kazi yake ya kawaida.

Ukiandika kwa Kiswahili kuna ugumu mmoja, na ndani yake mna hazina. Mtoto hamhoji mkubwa ana kwa ana. "Jana usiku ulikuwa wapi?" kutoka kwa mtoto wa miaka 11 ni utovu wa adabu, na mtazamaji ataacha kesi amfikirie malezi yake. Mtume dukani. Anaingia na chupa tupu, anaamkia, "Shikamoo, mama kasema robo lita ya mafuta." Mwenye duka anaitikia bila kumtazama, anamimina huku akiendelea kuzungumza na jirani, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa. Mtoto anahesabu chenji polepole. Amesikia, ameona, na hakuuliza kitu. Kutumwa kunampa ruhusa ya kutoka nyumbani, sababu ya kusimama pale, na haraka pia, maana mafuta yanasubiriwa jikoni.

Muswada ukikamilika, ziba mistari yote ya watu wazima kwa karatasi na usome ya watoto peke yake. Kila hatua ya kesi ifuatike. Ikikatika mahali, huenda kuna mkubwa aliyetoa kidokezo bila kutafutwa. Mpe mtoto sini ya kukipata. Mkubwa anaweza kumfunga mhalifu pingu, lakini jina la mhalifu litajwe kwanza na mtoto.

Halafu rudi kwa askari yule. Katika kipindi kinachofuata mwandikie nusu ukurasa: watoto wanaingia kituoni, naye, kabla hawajasema neno, anafungua daftari.