Kabla hujanunua shokapu za pikapu ya zamani

Mwenye Hilux ya zamani, usikimbilie dukani kwa sababu tu gari limekaa chini nyuma. Shokapu haibebi mzigo, kazi yake ni kutuliza springi isiendelee kurukaruka. Gari likiinama ukilipakia, tatizo ni springi zilizochoka, na shokapu ngumu kuliko zote sokoni haitalinyanyua.

Shokapu inayovuja oili, au tairi linalolika kwa mabaka, hapo badilisha, na badilisha mbili za ekseli moja kwa pamoja. Kama gari limewahi kuongezwa kimo kwa springi au vifaa vya kulinyanyua, usiagize kwa jina la modeli peke yake. Pima urefu kutoka bolti ya juu hadi ya chini likiwa limesimama, kisha ekseli ikiwa inaning'inia. Fupi itavutwa hadi ikatike, ndefu itagonga mwisho wake kwenye kila shimo.

Shokapu ya gesi (yenye oili pamoja na gesi ya shinikizo) au ya oili tupu? Kama unapita barabara ya vumbi yenye matuta kila siku, mimi nachagua gesi, kwa kuwa oili tupu ikisukwasukwa sana hutoa povu na shokapu hulegea safarini. Na bushi, ile mipira ya kwenye ncha za shokapu, nunua mpya, tafadhali. Bolti zake zikazwe gari likiwa limekanyaga chini, si likiwa kwenye jeki.