Unataka kuja kwenye dhahabu Busia? Piga hesabu hii kwanza

Mavuno yakiharibika tu lazima nipigiwe simu na mtu wa ukoo, ati nasikia huko Tiira, Busia ya upande wa Uganda, watu wanaokota dhahabu, nimeuza ng'ombe mmoja nina pesa kidogo, nije? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, ndo maana naandika hapa mara moja kwa wote. Soma halafu ukitaka kuja njoo, mimi sikukatazi, mimi mwenyewe nilikuja.

Anza na gunia. Mawe yakitoka shimoni yanatiwa kwenye gunia, tuseme la kilo 50. Sasa mawe mazuri, yale ambayo watu wakiyapata wanapiga kelele kambi nzima inasikia, yana kama gramu 10 kwa tani. Tani moja ni magunia 20. Kwa hiyo gunia lako lina nusu gramu, yaani pointi tano, maana huku pointi kumi ndo gramu moja. Na hiyo ni kama utaitoa yote, na hutaitoa yote, ukiosha kwa karai na zebaki, ile madini ya maji maji inayonasa dhahabu, sehemu kubwa inabaki kwenye mchanga, wewe si unaona matajiri wanakuja kununua mchanga uliokwisha oshwa wanaenda kuuloweka kwenye sayanaidi, ile sumu inayoyeyusha dhahabu iliyobaki? Unafikiri wanapenda mchanga? Baada ya hapo toa pesa ya mashine ya kusaga, toa ya mwenye shamba, toa mafuta ya pampu, toa ya wavuta kamba, toa ugali na maharage ya timu nzima, kitakachobaki ndo mnagawana.

Hesabu hii ya gunia itakusaidia hata kwenye habari za redio. Mnakumbuka Juni 2022, wizara ilitangaza kwamba Uganda ina tani milioni 31 za mawe yenye dhahabu na humo zitatoka tani 320,000 za dhahabu safi. Vijana walilala wakiota. Lakini hebu gawanya, hiyo ni zaidi ya kilo 10 za dhahabu kwenye kila tani ya mawe! Gunia la kilo 50 lingekuwa na nusu kilo ya dhahabu ndani, mtu angenunua nyumba Kampala kwa magunia machache tu. Na dhahabu yote ambayo binadamu wamewahi kuchimba duniani tangu enzi za mafarao ni kama tani laki mbili na kitu. Kwa hiyo mtu akikwambia kuna mlima mahali fulani umejaa dhahabu, usibishane naye, muulize tu gramu ngapi kwa tani na nani alipima.

Cha pili ni karatasi. Watu wengi wanadhani wakikubaliana na mwenye shamba wamemaliza. Mwenye shamba ana udongo wa juu tu, madini ya chini katiba ya Uganda imeyaweka mikononi mwa serikali, ibara ya 244. Unaweza kulipa shamba vizuri, mkaandikiana mbele ya mwenyekiti wa LC, yaani wa kijiji, halafu siku moja anakuja mtu na leseni ya eneo hilo hilo kutoka Entebbe na wewe huna la kusema. Wa Mubende wanajua. Agosti 2017 jeshi na polisi waliingia mashimoni, makumi ya maelfu ya watu wakaambiwa wafungashe ndani ya saa chache tu, mashine, vibanda, mawe ambayo hayajasagwa, vyote vikabaki nyuma. Sheria mpya ya madini ya 2022 angalau inamtambua mchimbaji mdogo na ina leseni yake, basi kabla hujatoa shilingi muombe huyo anayekukaribisha akuonyeshe leseni, na siyo picha ya leseni kwenye simu.

Na usifikiri haya ni mambo ya juzi. Hapo tu ng'ambo ya mpaka, Kakamega, dhahabu ilipatikana 1931 na walowezi ambao bei ya mahindi na kahawa ilikuwa imewaangusha wakakimbilia huko na mahema, mpaka serikali ya kikoloni Desemba 1932 ikabadilisha sheria ya ardhi ili wenyeji waondolewe mashambani bila kupewa ardhi nyingine. Mgodi mkubwa wa huko, Rosterman, ulifungwa 1952. Kule California dhahabu ilipoonekana 1848 ndo kuna yule mwenye duka Sam Brannan, yeye alijaza duka lake majembe na makarai kwanza, halafu akatembea mitaani San Francisco na chupa ya vumbi la dhahabu akipiga kelele "dhahabu! dhahabu!". Akawa milionea. James Marshall, aliyeiona ile dhahabu kwa macho yake, alikufa maskini. Na George Harrison, aliyeiona dhahabu ya Johannesburg, aliuza haki ya kipande chake kwa pauni 10 tu, juu ya mwamba uliokuja kujenga mji mzima. Hapa kwetu ukitaka kumuona Brannan nenda asubuhi pale njia ya kuingia mashimoni, kuna mama wa chapati na rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, hajawahi kushuka shimo hata siku moja, na mimi nishamkopa mara tatu.

Sasa tuje kwenye kununua, kwa sababu wengi wenu hamtaki kuchimba, mnataka kununua kwa wachimbaji muuze Kampala. Mimi nilianzia hapo. Jamaa mmoja alinijia jioni, giza limeanza, na kipande cha gramu nane, ati anakimbizia mtoto hospitali. Kilikuwa kizuri, cha manjano, kizito mkononi, nikampa pesa yote niliyouzia pikipiki. Kesho yake mzee mmoja mnunuzi akakiangalia akacheka, akaniambia leta kikombe cha maji.

Alichofanya ni hiki, na wewe kifanye hivi hivi. Tafuta mizani ndogo ya dijitali yenye desimali mbili. Pima dhahabu ikiwa kavu, andika. Weka kikombe cha plastiki chenye maji juu ya mizani, bonyeza isome sifuri. Funga kipande na uzi mwembamba, kizamishe chote, kisiguse chini wala ukingo, na uangalie kisiwe na mapovu. Chukua ule uzito wa kwanza uugawe kwa namba itakayotokea. Dhahabu safi inakupa kama 19.3, ya shimoni ambayo ina fedha ndani inashuka kidogo, 16 au 17 hivi. Ile yangu ya gramu nane ingetakiwa kusoma kama 0.41 au 0.5. Ilisoma 0.94. Gawanya mwenyewe, nane na nusu, hiyo ni brasi, ile shaba ya manjano ya mabomba bana.

Kipimo hiki kinataka kipande cha gramu tano kwenda juu, kwa vumbi hakifanyi kazi. Pia kuna chuma kinaitwa tungsteni uzito wake ni sawa na dhahabu, kwa hiyo kipande kikubwa kikate katikati mbele ya muuzaji, akikataa ondoka. Kwa mawe yanayometa tumia nyundo, dhahabu inalala bapa kama ulimi, pairaiti, lile jiwe la manjano linalofanana na dhahabu, inavunjika unga, na ukiisugua nyuma ya tailzi inaacha mstari mweusi. Ulanga, yale magamba yanayometa, ndo rahisi zaidi, ukiugeuza usipigwe na jua unazima. Dhahabu hata kivulini iko vile vile.

Zebaki nasema kidogo tu: lile donge la dhahabu na zebaki linachomwa ili zebaki itoke, ila usichome kwenye sigiri ya nyumbani. Inachemka kwa digrii 357, mvuke wake huuoni wala hunusi, na watoto wako hapo hapo wanasubiri chai. Kuna chombo cha chuma chenye bomba kinachorudisha zebaki, retoti, changeni mnunue kimoja kwa timu. Hata kwa pesa ni faida, zebaki yenyewe unaipata tena.

Siku ya kuuza usiulize mnunuzi bei, jua yako. Angalia kwenye simu bei ya aunsi kwa dola, gawa kwa 31.1 upate gramu, zidisha kwa shilingi za siku hiyo, halafu zidisha kwa usafi, tuseme 0.85. Hapo umepata bei kamili, mnunuzi lazima akate kidogo, ni biashara, ila akikata robo nzima nenda kwa wa pili. Na ukiona anaichoma tena kabla ya kupima usigombane, zebaki huwa inabaki ndani, uzito utashuka kidogo tu. Ukishuka sana basi wewe ndo ulichoma vibaya.

Binamu yangu wa Tororo nilimsomea haya yote kwenye simu wiki iliyopita. Akanyamaza, halafu akauliza: sasa kaka, na karai nije nalo? Nikamwambia usibebe, huku makarai yanakodishwa, wewe njoo na mizani na betri mbili za akiba.