Lipa namba kwa duka la mtaani: anza hivi usije ukalizwa

Wenye maduka ya mtaani, magenge na vibanda vya chipsi, hii yenu. Siku hizi mtu anakuja kununua mkate hana hata mia mfukoni, ana simu tu, ukimwambia hupokei kwa simu anavuka barabara anaenda kwa jirani yako. Kwahiyo sajili lipa namba, yaani namba ya duka ya kupokelea malipo kwa simu, na sio kumpa mteja namba yako binafsi, maana huko hela ya duka inachanganyika na ya ada na ya vikoba, mwisho wa mwezi hujui umepata faida au umekula mtaji.

Kusajili ni rahisi, nenda duka la mtandao wako na kitambulisho cha NIDA, kama una TIN na leseni beba kabisa. Waambie jina linalotokea liwe la duka lako kama watu wanavyolijua, mteja akiona jina geni anasita kulipa. Simu janja sio lazima, kitochi kinatosha, menyu ni zile zile za *150*00# (M-Pesa) au *150*60# (Airtel Money), bando halihitajiki.

Sasa hapa msome taratibu. Mimi jioni moja duka limejaa watu, kaka mmoja akanionyesha meseji kwenye simu yake, muamala umekamilika 23,000, nikampa mchele, sukari na mafuta, usiku kufunga hesabu hamna kitu, meseji kaitunga mwenyewe. Iliniuma sana, ile ilikuwa faida ya siku kadhaa. Tangu hapo mzigo hautoki mpaka meseji iingie kwenye simu ya duka, na ikiingia naangalia imetoka kwa nani, ikitoka kwenye namba ya kawaida ya 07 au 06 huo sio muamala, hata iandikwe vizuri vipi. Ukiwa na wasiwasi cheki salio. Mtandao ukisumbua sema tu "samahani dada, haijaingia bado, tusubiri kidogo", mwenye hela yake atasubiri.

Kama una kijana wa duka muachie simu aone meseji, ila namba ya siri baki nayo wewe.

Kuhusu makato, wengi tunaumia kwenye kutoa. Usikimbilie kwa wakala kila jioni, muulize mwenye duka la jumla kama na yeye ana lipa namba umlipe huko huko, LUKU nunua humo humo, toa mara moja moja ikishakuwa nyingi kwa sababu kutoa kidogo kidogo ndo kunakula zaidi. Kwenye daftari gawa mistari miwili, keshi na simu, jioni linganisha na salio.

Na kila asubuhi ukifungua angalia bango lako la lipa namba, soma namba tarakimu kwa tarakimu, kuna watu wanabandika stika yao juu ya yako.