Bafu jipya nyumbani: chora njia ya maji machafu na ya hewa kabla hujagusa sakafu

Ukitaka kuongeza bafu usianze na taili wala sinki, anza na swali moja, maji machafu yataingia wapi na yatafikaje huko kwa kuteremka yenyewe. Maji safi yanasukumwa na presha, bomba lake unalipindisha utakavyo, ila machafu hayana wa kuyasukuma, kwahiyo choo kinakaa pale bomba linaporuhusu na sio pale unapopenda wewe.

Fungua mfuniko wa chemba iliyopo (kile kishimo mabomba ya maji machafu yanapokutana), pima kutoka usawa wa sakafu mpya itakapokuwa mpaka chini kabisa ndani ya bomba utakaloungia. Kama chemba iko mbali na chumba hamishia usawa kwa ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji, maana maji ya ncha zake mbili yanasimama usawa mmoja, macho yanadanganya sana kwenye kiwanja chenye mteremko. Sasa piga hesabu, mteremko salama ni sentimita 2 kwa kila mita, ndio ile robo inchi kwa futi. Tuseme umepata kina cha sentimita 40 na choo kiko mita 6, mteremko unakula 12, zinabaki 28, elbo (kona ya bomba) ya choo inaingia vizuri. Choo hichohicho ukikipeleka mita 18, mteremko unakula 36, zinabaki 4, na bomba lenyewe la inchi 4 lina unene wa sentimita kama 11, yaani haiwezekani. Kanuni za sehemu nyingi zinakubali nusu ya mteremko huo kwa bomba kubwa kama hili, mimi siipendi kwa sababu fundi akikosea kidogo tu maji yanasimama humo ndani, bora usogeze choo.

Saizi hazina maneno mengi: choo inchi 4 (3 pia inatosha), shawa inchi 2, sinki ya kunawa inchi moja na nusu. Bomba lisipungue saizi likielekea chini, hata mara moja.

Sasa hewa, na hapa naomba usome polepole maana ndipo bafu nyingi zinaharibikia. Kila kifaa kina trapu, lile pindo linalobaki na maji, na hayo maji ya sentimita 5 hivi ndio kitu pekee kinachozuia harufu ya shimo isiingie ndani. Choo kikimwagwa maji yanashuka kwa kishindo na kuvuta hewa nyuma yake, ikikosa pa kupitia inavutwa kwenye trapu ya karibu na kuondoka na maji yake. Niliwahi kuishi nyumba ambayo kila choo kikimwagwa sinki inanguruma, tukamwaga dawa za kila aina kumbe hapakuwa na bomba la hewa hata moja, lilipowekwa harufu ikaisha.

Bomba la hewa liunge kabla bomba linalotoka kwenye trapu halijashuka zaidi ya unene wake mwenyewe. Kwa mteremko wa sentimita 2 kwa mita, bomba la milimita 50 (inchi 2) linashuka unene wake kwenye mita 2.5, la milimita 40 (inchi moja na nusu) kwenye mita 2, kwahiyo hewa iwe karibu zaidi ya hapo. Likishaunga lipande wima, lisilale mpaka liwe sentimita 15 juu ya ukingo wa kifaa, maana sinki ikiziba maji machafu yatapanda humo na kuacha uchafu usiooshwa tena. Likilala lipe mteremko kidogo wa kurudi chini, kisha litoke juu ya paa, mbali na madirisha.

Sio lazima kila kifaa kiwe na lake. Bomba la sinki ukilifanya inchi 2 na juu yake hewa, linaweza kupitisha hewa ya shawa na choo pia, mradi choo kiwe cha mwisho kuelekea chemba. Nashauri hivi kwa bafu dogo, unatoboa paa mara moja tu.

Kwenye maungio, bomba lililolala likiunga na lililolala tumia kiungio cha umbo la Y, tii ya kawaida (ya umbo la T) inagonganisha maji na pale ndipo pataziba. Kona chini ya sakafu tumia elbo mbili za nyuzi 45 badala ya moja ya 90, na acha sehemu ya kuzibulia yenye kizibo. Choo cha kukaa kina trapu ndani yake tayari, usiongeze nyingine chini. Cha kuchuchumaa kiangalie kabla hujanunua, vingine vinauzwa bila trapu.

Mtaro uweke mchanga chini, bomba lilale lote na sio kuegemea mawe mawili matatu. Kagua mteremko kwa pimamaji kipande kwa kipande, kisha ziba mwisho wa chini, jaza maji mpaka yaonekane kwenye midomo ya juu, piga alama usubiri angalau dakika 15. Yakishuka tafuta ungio linalovuja, na fundi akikuambia ana haraka ya kumwaga zege mwambie asubiri, na upige picha mtaro wote ukiwa wazi na tepu ikionekana, siku ukitaka kutoboa hapo utajua bomba limepita wapi.