Pikipiki inagoma asubuhi ya baridi, kesho yake inawaka: pa kuanzia

Vipimo vilivyomo humu ni vya injini ya CG 125, ile ya Honda ya mwaka 1976 iliyonakiliwa mno China. Pikipiki nyingine za kabureta hufuata njia hii hii, ila vipimo angalia vyake.

Kosa la kwanza ni kuipeleka kwa fundi saa sita mchana. Inafika imeshapata joto, inawaka kwa kiki moja, na fundi anabaki kubahatisha: leo plagi, kesho koili (ile inayotengeneza umeme wa cheche). Ugonjwa huu upimwe ukiwepo. Kwa hiyo tangu usiku weka karibu spana ya plagi, bisibisi, kitambaa na glasi safi ya kioo.

1. Imegoma? Fungua plagi papo hapo. Funga choki, usiguse mkono wa mafuta, piga kiki saba. Ikikataa, toa plagi kabla haijakauka. Ikiwa imelowa petroli, nenda hatua ya 2. Ikiwa kavu, ruka hadi ya 3. Ukisubiri dakika kumi, jibu limeshapotea.

2. Plagi imelowa. Ipanguse, irudishe kwenye kofia yake, chuma chake kiguse kichwa cha injini, mbali na tundu la plagi, maana mvuke unaotoka humo unaweza kuwaka. Piga kiki. Cheche nzuri ni ya bluu na unaisikia ikigonga. Ikiwa ya njano na nyembamba, au inakuja kiki hii na kukosekana ile, usikimbilie kununua koili. Zungusha kofia ya plagi itoke kwenye waya wake. Ncha ya waya ikiwa na ukungu wa kijani, kata milimita 5 na uifunge upya. Kofia nyingi husoma kiloomu 5 kwenye multimita. Namba ikirukaruka ukiitikisa, tupa. Unyevu wa usiku huingia humo, jua likipanda unakauka, ndiyo maana mchana kila kitu kinaonekana kizima.

Pengo la plagi liwe 0.6 hadi 0.7 mm.

Cheche ni nzuri, plagi imelowa, na bado inagoma? Dondosha tone la mafuta ya tangi kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka bila kuacha kitu. Likibaki doa la mafutamafuta, umeuziwa petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, ambayo injini ikiwa ya moto huungua vizuri tu, lakini kwenye baridi hayageuki mvuke.

3. Plagi kavu. Irudishe mahali pake, kisha chomoa mpira wa chujio la hewa, ziba mdomo wa kabureta kwa kiganja na upige kiki mbili. Toa kiganja, piga tena. Ikiwaka, kasoro ni choki au jeti ndogo, yaani kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli ya kuwashia na ya mwendo wa taratibu. Chungulia mdomoni: bati la choki linafunga lote, au linabaki wazi upande mmoja? Nyingine utakuta bati lilishang'olewa zamani na wenye haraka zao.

Kiganja kikibaki kikavu, legeza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta na ukinge glasi. Hakuna kitu: koki (bomba la kufungia petroli chini ya tangi) au tundu la hewa la kifuniko cha tangi limeziba. Shanga zinazotulia chini ya glasi ni maji, na ndiyo yanayoleta ile hali ya leo inawaka, kesho haiwaki, kwa kuwa yanazama kwenye jeti pikipiki ikilala imeegemea upande. Fungua jeti ndogo, iangalie juani. Tundu lake halifiki nusu milimita. Isafishe kwa uzi mmoja wa waya wa shaba na upepo. Usitumie sindano, inapanua tundu.

4. Tapeti, yaani skrubu zinazopanga nafasi ya valvu. Watu huzisahau hizi. Injini ikiwa baridi kabisa, toa kifuniko cha magneti kushoto, zungusha magneti hadi alama yake ya T ikutane na ya kwenye kasha, na tapeti zote mbili zichezecheze. Fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya 0.08 mm ipite kwa kukwaruza kidogo, valvu zote mbili. Isipopita kabisa, valvu haikai vizuri, na kwenye baridi oili nzito inapoifanya kiki kuwa ya polepole, mgandamizo unavuja wote.

Tapeti ziko sawa na kiki bado nyepesi? Mimina mililita 5 za oili kwenye tundu la plagi, piga kiki chache. Ikawa nzito, ringi zimekwisha. Ikabaki vilevile, fungua kichwa usage valvu.